KUZUIA PIKIPIKI ISIANGUKE JUU YA UDONGO LAINI

Siku hizi wakulima wengi hutumia pikipiki kwa kazi ambayo zamani ilifanywa kwa kichwa, kwa punda au kwa baiskeli. Mbolea na mbegu huenda shambani kwa pikipiki. Maziwa, nyanya, ndizi na mahindi hutoka shambani kwa pikipiki. Lakini stendi ya pikipiki imetengenezwa kwa ajili ya mahali pagumu, na mkulima huisimamisha kando ya tuta, juu ya ardhi iliyolimwa jana, ukingoni mwa mfereji, au chini ya mnazi penye mchanga. Hapo ndipo huanguka.

Watu wengine hucheka pikipiki iliyosimama ikianguka yenyewe. Hasara yake si ya kuchekwa. Mkulima aliyetunza nyanya zake miezi mitatu na zaidi, akazipanga vizuri katika matenga, anaweza kuziponda kwa dakika moja kwa kukosa kipande cha ubao. Maziwa yakimwagika hayazoleki. Petroli ikivujia gunia la mahindi, mahindi hayo hayafai tena kuliwa. Baya kuliko yote, watoto hupenda kucheza karibu na pikipiki, na chombo chenye uzito wa kilo 100 na zaidi kikimwangukia mtoto kinaweza kumvunja mguu, kumchoma kwa bomba la moshi, au kumwua.

Dawa ya hasara hii ni rahisi, nawe unaweza kuitengeneza leo jioni nyumbani kwako. Soma maelezo haya, kisha uyafuate.

SABABU YA KUANGUKA

Pikipiki nyingi zitumikazo vijijini zina stendi mbili. Stendi ndogo ni mguu mmoja wa chuma upande wa kushoto. Pikipiki huuegemea kama mzee anavyoegemea mkongojo. Stendi kubwa ina miguu miwili, nayo iko chini ya injini, katikati. Huiinua pikipiki ikasimama wima.

Tazama unyayo wa stendi ndogo. Ukubwa wake ni kama kiberiti tu, yaani sentimita 4 kwa 5 hivi. Tuseme kwamba kilo 20 za uzito wa pikipiki zimeuegemea unyayo huo. Kila sentimita moja ya mraba ya udongo inabeba kilo 1 nzima. Udongo mgumu hustahimili, udongo laini haustahimili, na stendi huanza kuzama.

Stendi ikizama kidogo, pikipiki huinama zaidi upande wa kushoto. Ikiinama zaidi, uzito mwingine huhama kutoka kwenye magurudumu na kuishukia stendi. Uzito ukiongezeka, stendi huzama tena. Basi jambo hili hujiongeza lenyewe mpaka pikipiki iko chini. Ndiyo maana pikipiki huweza kusimama vizuri ulipoiacha, ikaanguka nusu saa baadaye wakati wewe uko mbali unavuna. Usidanganyike kwa kuwa haikuanguka mara moja.

Mzigo huzidisha hatari. Gunia lililofungwa juu ya keria huongeza uzito, tena uzito huo uko juu. Mzigo ulio juu, pikipiki ikiinama kidogo tu, huvuta kwa nguvu kuelekea upande wa maanguko.

IJUE ARDHI YAKO

Kila udongo una tabia yake, na mkulima anayejua udongo kwa kupanda anaweza pia kuujua kwa kusimamisha pikipiki.

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Usukuma au wa mashamba ya mpunga ya Mwea, huwa mgumu kama jiwe wakati wa kiangazi na kupasuka nyufa. Mvua ikinyesha huvimba, hulainika na kunata. Mahali uliposimamisha pikipiki Jumatatu bila taabu, Jumatano panaweza kuimeza stendi nzima. Wakati wa kiangazi angalia unyayo wa stendi usiwe juu ya ufa.

Udongo tifutifu uliotokana na volkano, kama ule wa miteremko ya Kilimanjaro, Rungwe na Mlima Kenya, ni mzuri sana kwa mazao, lakini ukishalimwa huwa mwepesi. Jua likiwaka baada ya mvua, juu hufanya ganda kavu, na chini bado ni maji. Ganda hilo hudanganya macho.

Mchanga wa pwani, penye minazi na mikorosho, haubanani. Unapoukandamiza hukimbia pembeni. Hapa stendi haina kitu cha kushika, hata kama hakuna mvua.

Kingo za majaruba, matuta na makinga maji ni mahali pabaya kuliko pote. Juu huonekana pakavu na pagumu, lakini ukingo hukatika kwa ubavu na kuporomoka pamoja na pikipiki. Ubao hausaidii hapo. Kaa mbali na ukingo, mita 1 au zaidi.

Jihadhari pia na mahali penye vichuguu vidogo vya fuko. Juu pana udongo, chini pana njia tupu. Na usisimamishe pikipiki juu ya samadi, takataka za mazao au majani yaliyorundikwa, maana vitu hivyo hushuka polepole.

KIPIMO CHA KISIGINO

Kabla ya kuishusha stendi, pima ardhi hivi. Ukiwa umeishika pikipiki, simamia kisigino kimoja mahali hasa ambapo unyayo wa stendi utakaa. Weka uzito wako wote juu ya kisigino hicho, ukizungushe mara mbili, kisha utazame alama.

1. Kama alama haionekani, au ni ya kukwaruza tu, ardhi inafaa kwa pikipiki isiyo na mzigo.

2. Kama kisigino kimezama kiasi cha upana wa kidole kimoja, tumia ubao.

3. Kama kimezama zaidi ya hapo, au maji yametokea ndani ya alama, ondoka. Tafuta mahali pengine, hata kama ni mwendo wa hatua mia. Kutembea hatua mia ni rahisi kuliko kuinua pikipiki matopeni.

Kipimo hiki huchukua muda mfupi sana. Kifanye kila mara, hata mahali unapopazoea, hasa katika majira ya mvua.

UBAO WA STENDI

Ubao hauifanyi ardhi kuwa ngumu. Kazi yake ni kuutawanya uzito, kama vile kiatu kipana kinavyopita mahali ambapo kijiti chenye ncha kingezama. Kumbuka hesabu yetu ya kilo 20. Ukiweka chini ya stendi ubao wa sentimita 20 kwa 20, uzito ule ule unaenea juu ya sentimita 400 za mraba badala ya 20. Kila sentimita ya mraba sasa inabeba gramu 50 tu, yaani sehemu moja ya ishirini ya ule mzigo wa kwanza.

Utengeneze hivi:

1. Chukua kipande cha mbao ngumu chenye upana na urefu wa sentimita 20, na unene wa sentimita 2 na nusu. Mbao nyembamba hupinda au kupasuka katikati, na uzito hauenei.

2. Pigilia vijiti vyembamba kuzunguka pande zote nne za juu, kufanya ukingo mdogo. Ukingo huu huzuia unyayo wa stendi usiteleze na kutoka nje ya ubao.

3. Upande wa chini pigilia vipande vya tairi kuukuu, kama wanavyofanya washonaji wa katambuga. Mpira hushika, mbao tupu yenye tope huteleza. Hakikisha misumari yote imezama, isije ikatoboa gurudumu lako.

4. Toboa tundu pembeni na ufunge kamba ya mkonge ya urefu wa mita 1 hivi. Kwa kamba hii utauvuta ubao kutoka matopeni bila kuinama huku umeishika pikipiki.

5. Paka rangi nyeupe au nyekundu, usipotee katika majani.

Kwa stendi kubwa tengeneza ubao mrefu, wa sentimita 50 kwa 20, ili miguu yote miwili ikae juu ya ubao mmoja. Usiweke vipande viwili mbalimbali. Kimoja kikizama kuliko kingine, pikipiki itaanguka upande huo, na kuanguka kutoka stendi kubwa ni kubaya kwa sababu pikipiki iko wima na magurudumu hayasaidii kuizuia.

Kama huna mbao, jiwe pana na bapa linafaa, au kigae kinene cha saruji, au kipande cha bati nene kilichokunjwa mara kadhaa. Penye mchanga tumia kitu kipana zaidi, ukikandamize na kukitikisa mpaka kikae imara. Usitumie tofali bichi, maana mvua huliyeyusha. Wala kipande cha mgomba, maana huteleza. Wala jiwe la mviringo. Wala gunzi la mahindi.

NAMNA YA KUISIMAMISHA

Fuata utaratibu huu mpaka uwe mazoea.

1. Zima injini, lakini usiachie usukani.

2. Pima kwa kisigino. Weka ubao mahali pake.

3. Shusha stendi ndogo mpaka mwisho wake, isukume mbele kwa mguu, kisha iegemeze pikipiki polepole juu ya ubao.

4. Zungusha usukani kushoto mpaka mwisho. Hivyo pikipiki hukaa imara zaidi.

5. Ingiza gia ya kwanza. Pikipiki isiyo na gia ikisogea mbele kidogo, stendi hujikunja na pikipiki huanguka.

6. Itikise pikipiki kidogo kwa mkono huku umeishika. Tazama ubao. Kama umekaa, ondoka. Kama unazama upande mmoja, usiuamini.

Ukirudi, ondoa ubao kabla ya kuwasha injini, ukaufunge chini ya kamba ya keria. Usiache kamba ya ubao ikining'inia, isije ikanaswa na gurudumu au mnyororo.

MAHALI PENYE MTEREMKO

Mlimani, elekeza gurudumu la mbele juu mlimani na uache pikipiki katika gia ya kwanza. Usiielekeze chini, maana ikisogea mbele stendi itajikunja.

Usiisimamishe kwa kukata mteremko. Kama upande wa stendi uko bondeni, pikipiki huinama mno na uzito wote huishukia stendi. Kama upande wa stendi uko mlimani, pikipiki husimama wima mno, na upepo, mbuzi au mkono wa mtoto unaweza kuiangusha upande wa kulia. Wakulima wengi huiogopa hatari ya kwanza na kuisahau ya pili.

KUPAKIA NA KUSHUSHA MZIGO

Kanuni ya kwanza: upeleke mzigo kwenye pikipiki, usiipeleke pikipiki kwenye mzigo. Acha pikipiki njiani mahali pagumu, ubebe matenga kutoka shambani. Kwa kufanya hivyo unapata faida mbili. Pikipiki haitaanguka, na udongo wako hautakanyagwa. Magurudumu yakipita shambani hugandamiza udongo, hasa ukiwa na maji. Mizizi hushindwa kupenya na maji ya mvua husimama badala ya kuingia chini.

Pakia pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, na stendi kubwa ikiwa juu ya ubao mrefu au mahali pagumu. Mtu mmoja ashike usukani, mwingine apakie. Weka vitu vizito chini, vyepesi juu, na pande zote mbili ziwe na uzito sawa.

Kushusha nako kuna utaratibu. Ukiondoa mzigo wote wa kushoto kwanza, ule wa kulia utaivuta pikipiki kulia. Ukiondoa wote wa kulia kwanza, ule wa kushoto utaizamisha stendi ndogo. Shusha kidogo huku na kidogo huku, na mwenzako awe ameshika.

Usiiache pikipiki yenye mzigo juu ya stendi ndogo penye udongo laini, hata kama ni kwa kwenda kunywa maji tu. Ama ushushe mzigo, ama mtu abaki ameishika. Na dawa za kuulia wadudu zisipakiwe kamwe pamoja na chakula, mbegu za kula au maziwa. Pikipiki ikianguka, chupa hupasuka na dawa huingia katika chakula cha watu.

MAHALI PA KUDUMU

Kama pikipiki huja shambani kila siku, yafaa utengeneze mahali pake maalumu, kama vile unavyotengeneza zizi la ng'ombe. Chagua mahali palipo tambarare, palipoinuka, karibu na njia, mbali na mfereji na mbali na mahali watoto wachezapo.

Pima urefu wa mita 3 na upana wa mita 2. Chimba kina cha sentimita 15. Udongo huo wa juu una rutuba, basi upeleke kwenye bustani ya mboga. Jaza mawe madogo, kisha changarawe, na ushindilie kwa gogo zito tabaka kwa tabaka. Kila tabaka linyunyizie maji kidogo kabla ya kulishindilia. Acha upande mmoja uwe chini kidogo ili maji yatoke, na chimba mfereji mdogo wa kuyaongoza. Mwishowe laza jiwe pana mahali ambapo stendi hukaa. Vijana wawili wanaweza kuimaliza kazi hii kwa siku moja, kama mawe na changarawe viko karibu.

IKIANGUKA

Usikimbilie kuinua. Kwanza tazama kama kuna mtu chini yake. Kama yupo, ita watu muinue pamoja. Zima injini kama ilikuwa ikiwaka, na ufunge bilula ya petroli kama ipo. Mtu yeyote asiwashe kiberiti wala sigara karibu.

Fungua mzigo wote. Kama pikipiki imeangukia upande wa kulia, toa stendi ndogo kabla ya kuinua, isije ikaangukia upande wa pili. Chuchumaa, mgongo wako ukielekea kiti. Mkono mmoja ushike usukani, wa pili ushike chuma cha nyuma karibu na keria. Nyosha mgongo, kisha usukume kwa nguvu za miguu, ukirudi nyuma kwa hatua fupi. Wengi huumia kiuno kwa kuinua kwa mikono huku wameinama.

Kabla ya kuwasha, ngoja dakika chache. Tazama kama petroli au oili inavuja, kama mkono wa breki na wa klachi haukupinda, na kama usukani umenyooka. Jaribu breki zote mbili ukiwa bado hujapanda.

Mtu akiungua kwa bomba la moshi, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno, unga wala udongo. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke zahanati.

Dawa ya wadudu ikimwagika, wafukuze watoto na mifugo, ifunike kwa mchanga au udongo mkavu, wala usiioshe kuelekea mtoni. Nguo zilizoloa zivuliwe mara moja, na mwili uoshwe kwa sabuni na maji mengi.

KUMBUKA

1. Pikipiki huzama polepole, huanguka ghafula.

2. Pima kwa kisigino kila mara.

3. Ubao mpana chini ya stendi. Ubao mmoja mrefu chini ya stendi kubwa.

4. Usukani kushoto, gia ya kwanza, gurudumu la mbele juu mlimani.

5. Mita 1 au zaidi kutoka ukingo wa tuta, mfereji au jaruba.

6. Mzigo uende kwenye pikipiki, si pikipiki kwenye mzigo.

7. Watoto wakae mbali, hata kama pikipiki imesimama vizuri.

Mazao hayajawa mali mpaka yafike sokoni au ghalani. Ulime vizuri, upalilie, uzuie wadudu, uvune kwa wakati, halafu uache yote yamwagike kando ya shamba? Tengeneza ubao wako kabla ya mvua kuanza, na umwonyeshe jirani yako. Ukiwa na shida, mwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako.